Kinyoya cha Nyumba Kumi na Sita

Mwanamke mmoja alikuwa na kinyoya alichokitunza miaka kumi na moja bila kukipiga hata mara moja. Jina lake Mwatima, na kazi yake, miaka yote hiyo, ilikuwa ni kupiga vinyoya.

Alizaliwa katika kisiwa kidogo, kidogo hata mtu akipiga chafya mashariki anaombewa rehema magharibi. Mchezo wa badminton uliletwa huko na mkunga mmoja wa serikali. Alikaa miaka miwili, akahamishwa, akaacha nyuma yake watoto waliozaliwa salama, raketi mbili, na wavu mmoja uliotoboka. Watu walicheza ndani ya bohari la zamani la mbata ambalo kimbunga kilikuwa kimeondoka na paa lake. Kuta nne zilizuia upepo mwingi, lakini si wote. Na vile vinyoya vya mkunga, yaani vijipira vyenye kichwa cha kizibo na mkia wa manyoya, viliisha mwezi wa kwanza, maana kinyoya ni kitu cha kupigwa, na kinachopigwa hakidumu.

Ndipo alipoingia Fundi Makungu, mshona viatu. Alikifumua kinyoya cha mwisho juu ya goti lake kama anayefumua soli. Akahesabu manyoya kumi na sita. Akaona yote yanalalia upande mmoja, akafikiri siku tatu, akagundua kuwa yote yametoka bawa la kushoto. Ukichanganya la kushoto na la kulia, kinyoya kinapepesuka kama mlevi. Basi akachonga kichwa kutoka boya la wavu mkuukuu, akakivika ngozi nyembamba ya mbuzi, akatafuta manyoya ya bata. Kisiwa kilikuwa na nyumba zaidi ya themanini, lakini nyumba zilizofuga bata zilikuwa kumi na sita tu. Kila nyumba ikatoa unyoya mmoja, wa kushoto. Tangu siku hiyo ikawa hivyo: kila kinyoya kilichopigwa katika bohari lile kilikuwa na nyumba kumi na sita ndani yake, na kikivunjika jioni, nyumba kumi na sita zilitoa tena, na bata walilalamika, na mchezo ukaendelea.

Sasa ijueni desturi nyingine ya kisiwa kile, maana kisa chote kimesimama juu yake. Huko, kitu kikifungwa fundo ndani ya kitambaa na kutiwa mkononi mwako, hicho ni amana. Hukifungui, hukitumii, unakirudisha kwa mwenyewe na fundo lake. Kinachotolewa wazi, juu ya kiganja, ni chako: kile, kivae, kichakaze. Hakuna anayefundishwa jambo hili. Watu hulijua kama wanavyojua njia ya kisimani. Bi Mgeni, mke wa Fundi Makungu, aliwahi kuwekewa herini za jirani yake miaka tisa. Akamwoza binti yake masikio yakiwa matupu, herini zimo sandukuni mwake, na jirani aliporudi fundo lilikuwa limeshikana mpaka likakatwa kwa kisu. Kwa jambo hilo Bi Mgeni aliheshimiwa kuliko watu waliokwenda Hija mara mbili.

Mwatima alikuwa na miaka kumi na tisa alipoitwa. Alikuwa amekwenda mashindano ya wilaya na raketi iliyofungwa waya, akawashinda wote, na watu wa klabu moja ya mjini wakamwona. Asubuhi ya kuondoka, kisiwa kizima kilishuka pwani. Injini ya boti ilikuwa imeshawashwa Fundi Makungu alipotokea mbio, kanzu ameishika kwa meno, mkononi kinyoya kipya ambacho gundi yake haikuwa imekauka vizuri. Hakuwahi kutengeneza kizuri kama kile. Manyoya yalikuwa meupe, marefu, sawasawa kama meno ya mtoto. Mara mvua ikaanza. Fundi akatazama huku, akatazama kule, akarukia kamba ya nguo ya nyumba yake iliyokuwa karibu, akachomoa kitambaa chenye maua ya zambarau, akakifunga kinyoya ndani yake, akapiga fundo, akapiga la pili.

“Shika vizuri, mwanangu,” akasema, maji yakimtiririka puani. “Kisije kikaanguka majini.”

Alitaka kusema neno jingine. Lakini injini ilinguruma, mvua ikaja kwa kishindo, na boti ikageuza kichwa. Mwatima alitazama mafundo mawili yaliyokuwa mapajani mwake. Akayaelewa kama mtu yeyote wa kisiwa kile angeyaelewa. Nyumba kumi na sita zilikuwa zimemwekea kitu, na siku moja zitakitaka kama kilivyo.

Mjini palikuwa na ukumbi wenye paa, sakafu ya mbao, na taa nyeupe. Upepo haukuwemo. Wiki ya kwanza kila alichopiga kilitua nje, kwa sababu mkono wake bado ulikuwa unauachia upepo sehemu yake. Wiki ya pili mkono ukaelewa. Mwezi wa tatu hapakuwa na msichana pale klabuni aliyeweza kumpita. Aliokota kila kitu. Kinyoya kikipigwa kushoto, yupo. Kikidondoshwa karibu na wavu, yupo. Kikirushwa mpaka nyuma kabisa, anakikuta kama aliyekiagiza. Hakushinda kwa kupiga. Alishinda kwa kutokuacha. Wenzake walichoka wakakosea wenyewe, na alama zikawa zake.

Kocha wake, Mwalimu Kisanga, mtu mfupi mwenye filimbi isiyotoka mdomoni, aliliona jambo hilo mapema, akalichukia.

“Binti, unapiga kama mtu anayeomba radhi!” alimpigia kelele kutoka benchi. “Kiko juu, kiko juu ya kichwa chako, kimekaa kinakungoja! Kipige! Kinyoya hakina mama!”

Wengine wakacheka, na Mwatima akacheka nao. Lakini moyoni alijua kipo kinyoya chenye mama kumi na sita. Kilikuwa chini ya kitanda chake, ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kitambaa chake na mafundo yake mawili. Kabla ya kila mashindano alilivuta kopo, akaingiza mkono, akayapapasa mafundo bila kuyafungua, akalirudisha. Kisha akaingia uwanjani, na nyuma ya mstari, pale ambapo watu wengine waliona ukuta tu, yeye aliona nyumba kumi na sita zimesimama milango wazi, zinamtazama.

Hivyo ndivyo alivyoishi. Akawa bingwa wa mkoa, akawa bingwa wa nchi, akapanda ndege. Alicheza katika miji ambayo watu huvaa koti wakiwa ndani ya nyumba. Gazeti lilimwita Ukuta. Kisiwani walikata picha zake wakazibandika boharini, juu ya saruji, na mvua ilipozibandua walibandika nyingine. Mama yake alimpigia simu kila Ijumaa akamwuliza amekula nini. Hakuna aliyemwuliza ameshinda nini, lakini Mwatima, kila simu ilipokatika, alisikia swali ambalo halikuulizwa. Na kwa kuwa alilisikia, hakwenda nyumbani. Alisema mazoezi. Alisema safari. Alisema mwakani. Kurudi na amana kabla kazi haijakwisha, alijiambia, si vizuri.

Mwaka wa kumi, katika michezo ya kanda, alifika fainali. Seti ya tatu, alama ishirini kwa kumi na tisa, ishirini zikiwa zake. Alama moja tu ilikuwa imebaki. Mpinzani wake aliteleza akaangukia mkono mmoja, na katika kuanguka akakirudisha kinyoya juu, juu sana, taratibu, kikaja kikishuka katikati ya uwanja kama tunda linalojichuma lenyewe. Uwanja wote upande wa pili ulikuwa mtupu. Mwatima aliinua mkono. Aliona kinyoya kinazunguka, cheupe, manyoya yake yote kumi na sita yakionekana moja moja. Na mkono ule, ambao haukuwahi kuogopa kazi, ukaogopa kuvunja. Akakigusa tu. Kikapita juu ya wavu kama barua ya salamu. Mpinzani alikuwa ameshasimama. Ikawa ishirini kwa ishirini, kisha ishirini kwa ishirini na moja, kisha kwisha.

Mwalimu Kisanga hakumpigia kelele siku hiyo. Aliitoa filimbi mdomoni, akaitia mfukoni, akakaa kando yake mpaka ukumbi ukafagiliwa.

Mwaka uliofuata goti la kulia la Mwatima lilijaa maji mara tatu. Daktari akaonyesha picha kwenye taa, akasema tembea, panda ngazi, hata cheza na watoto, lakini mashindano yamekwisha. Mwatima akiwa na miaka thelathini akakabidhi sare, akaagwa kwa keki, akarudi chumbani kwake kufunga mizigo. Akalivuta lile kopo. Sasa kazi ilikuwa imekwisha. Sasa amana ilikuwa ya kurudishwa. Alipolifungua, unga mwembamba wa kijivu ulimwangukia vidoleni, na kitambaa cha maua ya zambarau kilikuwa na tundu.

Alikaa sakafuni. Akafanya ambalo hakuwahi kulifanya: akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili. Nondo walikuwa wameingia. Manyoya kumi na matatu yalikuwa mazima, na matatu yalikuwa yameliwa yakabaki vijiti vitupu, kama mifupa ya samaki.

Miezi saba hakwenda nyumbani. Aliwaambia goti halijapona, na goti lilikuwa limepona. Alizunguka masoko ya mji akitafuta unyoya mweupe wa bawa la kushoto wenye urefu ule ule, mpaka muuza kuku mmoja akajishika kiuno kwa mikono miwili akamwuliza, “Dada’ngu, unataka bata wa kula au unataka wa kuruka?” Aliyapata matatu. Akanunua gundi. Akakaa mezani na kibano cha nyusi, akajaribu, na kila alipojaribu aliona wazi kwamba mkono uliofanya kazi ile si mkono wa Fundi Makungu. Kuvunja amana ni jambo zito. Kuivunja na kuificha lilikuwa zito kuliko alivyoweza kubeba. Akayaweka manyoya yale matatu kando, akakiacha kinyoya kama kilivyo, na akaendelea kutokwenda.

Hata Ijumaa moja mama yake alisema, katikati ya habari za muhogo na mvua, kwamba Fundi Makungu haoni vizuri tena. Jicho moja limefunga na la pili liko njiani. Anashona viatu kwa kupapasa. Mwatima alikaa na maneno hayo kutwa nzima. Amana iliyoharibika, mwenyewe akiwa hai, unaweza kuiomba radhi. Mwenyewe akishaondoka, utaomba kwa nani? Kesho yake alikata tiketi.

Alifika baada ya adhuhuri. Hakwenda kwa mama yake. Watu walimwona akishuka, wakaanza kuitana, vigelegele vikaanza huku na kule, yeye akapita katikati yao na kopo kifuani kama anayebeba maji yaliyojaa mpaka ukingoni. Waliomfuata walinyamaza kidogo kidogo walipouona uso wake. Mpaka anafika kwenye kibanda cha mshona viatu, nyuma yake walikuwa watu hamsini na hakuna aliyekohoa.

Fundi Makungu alikuwa amekaa na ndala ya mtu mkononi, sindano ameishika karibu na jicho lililobaki.

“Shikamoo, Fundi.”

“Marahaba. Nani? Mbona watu wengi, kuna maiti?”

“Mimi Mwatima.”

“Mwatima wa badminton!” Akaitupa ndala. “Kaa, mwanangu, kaa! Wamekunyima chakula huko? Sauti imekonda.”

Hakukaa. Alipiga magoti, lile goti bovu kwanza, akaweka kopo chini, akatoa kitambaa, akakiweka juu ya mapaja ya fundi. Akasema yote aliyokuja nayo. Kwamba alipewa amana na nyumba kumi na sita. Kwamba hakuitumia hata siku moja, Mungu shahidi. Kwamba aliilinda miaka kumi na moja, na nondo wakamshinda, na manyoya matatu yameliwa, na mafundo ameyafungua mwenyewe, na hajui ni ya nyumba zipi, na amekuja kuomba radhi kwa zote.

Fundi Makungu alikishika kitambaa. Alikipapasa pindo. Alikileta karibu na jicho lake, akakinusa. Uso wake ukabadilika, na Mwatima akainamisha kichwa.

“Mgeni!” fundi akapaza sauti kuelekea ndani. “We Mgeni! Njoo hapa! Njoo uone kitambaa chako!”

Bi Mgeni akatoka, mikono ina unga. Akakitazama kitambaa. Akamtazama mumewe.

“Si nilikwambia sijakitupa?” fundi akasema. “Miaka kumi na moja mwanamke huyu ananinunia. Kitambaa cha mama yake. Nikaapa sijui kimekwenda wapi, na wallahi sikujua, nilikuwa nimesahau!”

“Kumbe ulikitoa kambani kimelowa!” Bi Mgeni akasema. “Na nani alikupa ruhusa?”

“Sasa si kimerudi?”

“Kimerudi na tundu.”

Watu nyuma walianza kucheka, kwa kujizuia kwanza. Mwatima hakucheka. Aliinua uso, akauliza kwa sauti ndogo, “Na kinyoya, Fundi? Amana?”

“Amana gani?”

“Ulinipa kimefungwa. Mafundo mawili.”

Fundi Makungu akakiweka kitambaa mapajani. Alikuwa mtu wa kisiwa kile. Alielewa. Ilimchukua muda kulitazama jambo lote kutoka mwanzo mpaka mwisho, mafundo, kopo, miaka, goti lile lililokuwa sakafuni mbele yake. Aliponyosha mkono na kuupata mkono wake, mzaha ulikuwa umekwisha usoni.

“Mwanangu,” akasema, “nilikifunga kwa sababu ya mvua.”

Kuna vitu mtu hubeba muda mrefu mpaka anadhani ndivyo uzito wa mwili wake. Mwatima alikaa. Hakukaa kwa kuchagua. Alijikuta chini, mgongo umeegemea benchi la viatu, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto. Kitu kilimtoka kifuani, nusu kicheko nusu kilio, na nyuma yake watu hamsini walioshika pumzi waliiachia kwa pamoja. Kisha maneno yakaja kutoka kila upande.

“Bata wangu mwenye unyoya ule tulimla sikukuu ile ile!”

“Kumbe umekuja na manyoya ya marehemu!”

“Mie nilidhani kilikwisha wiki ya kwanza. Nikasema, tumpelekee kingine?”

“Tukupelekee kingine, wewe umekilaza kitandani!”

Alikuwa Bishara aliyesema hilo la mwisho, mwanamke aliyecheza naye boharini tangu utoto, sasa mama wa watoto wanne, na hakuna mwaka ambao hakuwa amecheza. Alikuwa ameshafunga kanga kiunoni.

Lakini Fundi Makungu alikuwa bado ameushika mkono wa Mwatima. “Hata mara moja?” akauliza. “Hata kukionja?”

“Hata mara moja, Fundi.”

“Basi umeninyima jambo,” akasema, na safari hii hakutania. “Hapa kwetu upepo unaingia kila siku. Nimetengeneza vinyoya zaidi ya mia sita, na sijawahi kujua hata kimoja kama kinakwenda sawa. Kikipinda, ni mimi au ni upepo? Sijui. Nikasema, huyu anakwenda kwenye ukumbi wenye paa. Huko atakipiga, na ataniambia. Nilitaka kukwambia siku ile, mvua ikanimeza.” Akatikisa kichwa. “Miaka kumi na moja nangoja uniambie kama kilinyooka.”

Mwatima alimtazama mzee yule na jicho lake moja. Zile nyumba kumi na sita zilizosimama nyuma ya mstari, miaka yote ile, hazikuwa zimesimama kumhukumu. Zilikuwa zimekuja kutazama mchezo.

“Yamo mkobani,” akasema. “Manyoya matatu ya kushoto. Nilinunua.”

“Yalete. Na nyie ondokeni mwangani.”

Akayafunga kwa kupapasa, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, kwa muda wa kutosha maji ya chai kuchemka na chai kunywewa. Manyoya kumi na matatu ya zamani, matatu ya soko la mjini. Akakizungusha karibu na sikio, kama anayesikiliza saa. Kisha akasimama, akamshika Bi Mgeni bega, na watu wote wakaenda bohari. Halikuwa na paa bado. Hewa ilikuwa imetulia siku hiyo, kwa namna ambayo wazee wenyewe hawakuwahi kuiona, moshi wa majiko ukipanda wima. Picha za gazeti zilikuwa ukutani, zimepauka. Bishara akasimama upande mmoja wa wavu. Mwatima akavua viatu akasimama upande wa pili.

“Goti lako bovu, usiniletee lawama,” Bishara akasema.

“Anzisha, mama wa wanne.”

Bishara alikirusha juu, kwa makusudi, juu kabisa kupita kuta, mahali ambapo anga ilikuwa tupu. Kikasimama pale kidogo, kikageuka, kikaanza kushuka kikizunguka, cheupe, manyoya kumi na sita. Mwatima akainua mkono. Safari hii mkono haukuuliza kitu. Ulishuka na miaka yote kumi na moja ndani yake, na mlio wake ulikuwa kama ubao unaovunjika, na kinyoya kikapita wavu, kikagonga sakafu karibu na miguu ya Bishara kabla hajapepesa.

Fundi Makungu, aliyekuwa amegeuza sikio, akauliza, “Kilinyooka?”

“Kilinyooka, Fundi.”

“Hakikuyumba? Sema kweli.”

“Kama uzi.”

“Basi,” akasema mzee, akakaa juu ya jiwe, akafuta jicho lake kwa kile kitambaa cha maua ya zambarau, na Bi Mgeni hakumkataza.

Walikipiga alasiri yote, wakipokezana, wakubwa kwa wadogo. Unyoya mmoja ukatoka, ukapeperuka. Ukafuata mwingine. Karibu na magharibi kichwa kilipasuka, na kinyoya kilichotunzwa miaka kumi na moja kikaisha kwa saa tatu, na hakuna aliyewahi kukumbuka saa tatu nzuri kama zile. Watu walipokwenda kuswali, Mwatima aliliosha lile kopo la maziwa, akampa mama yake, na tangu hapo likawa kopo la chumvi. Usiku ule alilala bila kuota mtu amesimama nyuma ya mstari. Siku hizi anafundisha wachezaji katika bohari lile lile, ambalo lina paa sasa, na mchezaji mpya akigusa kinyoya kwa woga, Mwatima haitumii filimbi. Anamwambia tu kwamba bata wapo wengi.

Nanyi mliosikia, kila mmoja wenu na alichotiwa mkononi na waliompenda: mnajuaje kwamba hawakukifunga kwa sababu ya mvua tu?